Sitara Hii ni ya Nani? Mwanamke wa Hali ya Hatari katika Vitabu Vyetu

Kazi ya uhakiki si kukisifu kitabu wala kukitukana. Ni kukiuliza maswali mawili: mwandishi amesema nini, na jambo gani ameliacha bila kulisema. Swali la kwanza hujibiwa na kila mwanafunzi aliyesoma kwa uangalifu. La pili ni gumu, kwa kuwa kisichoandikwa hakionekani kwa macho. Hapana budi msomaji akijue kwa njia nyingine kabla ya kukitafuta ndani ya kitabu asikione. Katika insha hii nataka kuuliza swali hilo la pili juu ya jambo moja tu, nalo ni mateso waliyotendewa wanawake wa nchi yetu ya Embu na Meru na jirani zao wakati wa Hali ya Hatari. Je, maandishi yetu yameyaeleza? Na kama yameyaficha, yamemficha nani?

Yafaa kwanza tukumbuke habari yenyewe. Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari katika Kenya, nayo ikadumu hata Januari 1960. Watu walioelemewa nayo zaidi ni Wakikuyu, Waembu na Wameru. Kuanzia mwaka 1954 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu zaidi ya milioni moja kutoka katika mashamba yao, ikawakusanya katika vijiji vilivyozungukwa kwa mahandaki na seng'enge, chini ya ulinzi wa Homgadi. Wanaume wengi walikuwa msituni au kizuizini; kwa hiyo waliobaki vijijini aghalabu walikuwa wanawake, watoto na wazee. Wanawake ndio waliochimba mahandaki kwa kulazimishwa. Wao ndio waliohojiwa juu ya waume na ndugu zao, na wao ndio walioshukiwa kuwapelekea wapiganaji chakula. Maelfu yao walifungwa, wengi katika gereza la Kamiti.

Ukisafiri leo kutoka Embu kwenda Meru, ukapita Runyenjes, ukavuka mto Thuci na kufika Chuka, waona michai, migomba, makanisa na shule. Si rahisi kukisia yaliyopita hapo. Walakini baadhi yake yameandikwa. Mauaji ya Chuka ya Juni 1953, ambamo askari wa King's African Rifles waliwaua watu wapatao 20, yametajwa katika vitabu vya historia kwa mwezi na mahali. Mateso ya wanawake wa nchi hii hii kwa muda mrefu hayakuwa na mwezi wala mahali. Yalitajwa kwa jumla, kama mtu atajavyo mvua ya mwaka fulani.

Swali hili sikulianza mimi. Lililetwa na mwanafunzi wangu mmoja katika chuo cha ualimu, msichana aliyelelewa karibu na Embu mjini. Tulikuwa tukisoma tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo iliyotolewa mwaka 1976 kwa jina la The Trial of Dedan Kimathi, na ambayo Raphael Kahaso aliifasiri kwa Kiswahili kwa jina la Mzalendo Kimathi. Msichana yule alinyosha mkono akasema, "Mwalimu, huyu mama anafanya kazi yote hii, mbona hana jina?" Nikamjibu kama nilivyofundishwa mimi mwenyewe: hana jina kwa sababu anawakilisha wanawake wote. Akashukuru akaketi. Jibu langu halikuwa la uongo, lakini usiku ule halikunipa raha, nami nimekuwa nikilifikiri tangu siku hiyo.

Basi na tuianze tamthilia. Micere Mugo, aliyefariki mwaka 2023, alizaliwa Baricho mwaka 1942, mahali ambapo wakati huo palikuwa ndani ya wilaya ya Embu. Hakuwa mgeni wa mambo haya. Katika tamthilia yao, Mwanamke si mnyonge. Ana akili, ana ushujaa, naye ndiye mwenye kupanga njama ya kumwokoa Kimathi. Anakutana na askari njiani, anamtuliza kwa maneno ya werevu hata apate kupita. Bastola imefichwa ndani ya mkate, na mkate huo lazima ufike karibu na gereza. Ni sura nzuri sana ya mwanamke, na wakati ilipoandikwa ilikuwa lazima, kwa sababu vitabu vingi vya kabla ya hapo vilizungumza juu ya majemadari wanaume peke yao.

Hata hivyo, tazama jinsi hatari ya askari yule inavyoelezwa. Tamaa yake kwa mwanamke aliye peke yake njiani ni kizuizi, na kizuizi hicho huondolewa kwa ujanja. Mateso makubwa yanayowekwa mbele ya macho yetu ni ya Kimathi, naye anateswa kama shujaa, huku akitoa hoja na kukataa kuvunjika. Mwanafunzi akimaliza kusoma, aweza kudhani kwamba mwanamke aliyekuwa na akili alipita salama. Lakini tunajua kwamba katika kambi za mahojiano akili haikuwa ngao. Mwanamke aliyekamatwa hakuwa na askari mmoja mjinga mbele yake, bali alikuwa ndani ya chumba, katikati ya watu wenye silaha na amri. Tamthilia yatupa mwanamke anayebeba mkate na bastola. Haitupi mwanamke aliyevunjwa ambaye hata hivyo hakusema. Naye pia alikuwa shujaa.

Tuje katika riwaya. A Grain of Wheat ya Ngũgĩ, iliyotolewa mwaka 1967, imekwenda ndani zaidi. Humo yumo Wambuku, mwanamke mja mzito anayepigwa na Homgadi ndani ya handaki. Mugo, kijana mpweke, haivumilii hali ile. Anaingia kati, naye anakamatwa. Baadaye Wambuku anafariki. Ni tukio la kweli kwa maana ya kwamba mfano wake ulitokea katika mahandaki mengi. Lakini angalia kazi ya tukio hilo katika hadithi. Wanakijiji wanalikumbuka kwa ajili ya Mugo. Ndilo linalomfanya aonekane shujaa, na fumbo la riwaya nzima ni kama anastahili sifa hiyo au la. Wambuku anakufa katika kurasa chache. Sifa ya Mugo inaendelea hata mwisho. Simlaumu mwandishi kwa hili, kwa sababu riwaya yake ni juu ya dhamiri ya Mugo. Nasema tu kwamba msomaji akiulizwa handaki lile lilikuwa na nini, atajibu, "Mugo alimtetea mwanamke." Jina la mwanamke huyo aghalabu amelisahau. Nimewajaribu wanafunzi wangu mara kadhaa, nami naona hivyo.

Katika riwaya iyo hiyo yumo Mumbi. Mume wake, Gikonyo, yuko kizuizini miaka mingi. Karanja, aliyekuwa akimpenda zamani, amekuwa chifu chini ya serikali, ana bunduki, na ana chakula wakati kijiji kina njaa. Siku anapomletea Mumbi habari kwamba mume wake atarudi, Mumbi anapatwa na bumbuazi la furaha, na Karanja anamwingilia. Mtoto anazaliwa. Gikonyo anaporudi, anaiona aibu yake mwenyewe, hataki kusikia neno. Mumbi naye anajilaumu. Kwa miaka mingi walimu tumewauliza wanafunzi swali hili: je, Mumbi alikosea? Naona tulikosea sisi kuuliza hivyo. Ilitupasa kuuliza kwanza: katika kijiji kilichozungukwa kwa seng'enge, ambamo mtu mmoja ana bunduki na unga, na mwingine ana wazazi wenye njaa, ridhaa ni kitu gani? Ngũgĩ hakulijibu swali hilo waziwazi, lakini alimpa Mumbi heshima kubwa mwishoni. Gikonyo anapotaka mambo yarudi kama zamani, Mumbi anakataa yapitwe hivi hivi; anataka wakae wayazungumze. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu yenye busara kuliko zote katika kitabu kile.

Kuna jambo jingine ambalo mhakiki mwaminifu hawezi kuliruka. Katika chapa ya kwanza ya riwaya hiyo, mwanamke wa Kizungu aitwaye Dkt. Lynd anabakwa, na mtumishi wake ni mmoja wa waliohusika. Katika chapa iliyosahihishwa ya mwaka 1987, kitendo hicho kimeondolewa. Mwandishi ana haki ya kusahihisha kitabu chake, na huenda alikuwa na sababu njema: maadui wa wapiganaji walikuwa wamekwisha kuwasingizia unyama wa kila namna. Lakini msomaji naye ana haki ya kuuliza nani alifaidika na ufutaji huo. Aliyesitiriwa hapo si mwanamke. Aliyesitiriwa ni mpiganaji.

Baada ya vitabu yafaa tutazame sanamu, maana sanamu nayo husomwa. Tarehe 12 Septemba 2015 ukumbusho wa walioteswa wakati wa ukoloni ulifunguliwa katika bustani ya Uhuru, Nairobi, kwa gharama ya serikali ya Uingereza. Mna watu wawili: mpiganaji wa msituni, na mwanamke anayempa chakula. Wameangalia pande mbalimbali, wasijuane nyuso, ili mmoja akikamatwa asiweze kumtaja mwenzake. Fikira hiyo ni ya kweli tena yenye huzuni. Lakini ukumbusho huu ni wa walioteswa, na mwanamke aliyemo ni yule yule tuliyemwona katika tamthilia: mwenye kubeba chakula. Kilichompata baada ya kukamatwa na chakula kile, jiwe halisemi.

Hapa msomaji aweza kunizuia. Atasema: "Mwalimu, wataka nini? Wataka mambo ya faragha ya mama zetu yachongwe katika mawe na kuchezwa jukwaani mbele ya watoto? Mila zetu zina adabu. Kumsitiri mtu ni kumheshimu." Hoja hii ni nzito, nami sitaki kuipita mbio, kwa kuwa nimelelewa nayo. Nyanya yangu aliishi katika kijiji cha Hali ya Hatari alipokuwa msichana. Alipotusimulia, alituambia habari za handaki, za filimbi ya asubuhi, za kuni na maji, za siku walipokula majani. Kisha hufika mahali fulani katika hadithi, akanyamaza, akaangalia mikono yake, akasema kwamba mambo mengine si ya kusemwa. Sisi wajukuu hatukumwuliza. Tulidhani kwamba kunyamaza kwetu ni adabu. Alifariki na sehemu ile ya hadithi yake, na mpaka leo sijui kama tulimheshimu au tulimwacha peke yake.

Basi na tulichunguze neno lenyewe. Sitara ni kifuniko. Kifuniko hufunika kilicho chini yake, nacho hakichagui. Ukimfunika aliyetendwa pamoja na tendo, umemfunika na mtenda. Mwanamke hubaki chini ya kifuniko akiwa na jeraha lake; mtenda hubaki chini ya kifuniko hicho hicho akiwa salama, huenda akazeeka na kuheshimiwa kijijini, huenda akarudi kwao ng'ambo akapewa pensheni. Kwa nje hatuoni tofauti kati yao. Ndiyo maana nauliza: sitara hii ni ya nani?

Lugha yetu yenyewe imesaidia kazi hii ya kufunika. Tuna neno kunajisi. Najisi ni uchafu, kitu ambacho kikimshika mtu hafai kuswali mpaka akioshe. Tukisema kwamba mwanamke alinajisiwa, tunasema kwamba yeye ndiye sasa mwenye uchafu, na aliyeuleta uchafu ameondoka msafi. Twasema pia aliharibiwa, kana kwamba ni chombo kilichopasuka, au alivunjiwa heshima, kana kwamba heshima yake ilikuwa mikononi mwa mwenye kumpiga. Neno kubaka ni kali kwa sikio, na walimu wengi huliogopa darasani. Lakini lina ukweli huu, kwamba laeleza kitendo cha mtenda wala halimtii dosari aliyetendwa.

Wala si maneno tu. Hata sarufi ina sitara yake. Mwalimu wa Kiswahili hufundisha kauli ya kutendwa bila kuwaza madhara yake. "Wanawake waliteswa." Sentensi hii haina kosa la sarufi, lakini haina mtesaji. Waandike wanafunzi sentensi mia za namna hiyo juu ya Hali ya Hatari, na nchi nzima itajaa walioteswa pasipo mtu hata mmoja aliyetesa. Wageuze sasa katika kauli ya kutenda, nao watalazimika kuuliza: nani? Wapi? Kwa amri ya nani? Maswali hayo matatu ndiyo mwanzo wa historia, na kwa maoni yangu ndiyo mwanzo wa fasihi iliyo njema pia.

Nashukuru kwamba wako wanawake waliogeuza sentensi hiyo. Muthoni Likimani alitoa mwaka 1985 kitabu cha Passbook Number F.47927, ambamo wanawake wa Hali ya Hatari wamekuwa ndio wenye hadithi, si wapitao tu nyuma ya mashujaa. Wambui Waiyaki Otieno naye, katika kitabu chake cha mwaka 1998 kiitwacho Mau Mau's Daughter, aliandika kwamba alipokuwa kizuizini Lamu afisa wa Kizungu alimbaka. Hakutumia mafumbo, na afisa alimtaja kwa jina. Msomaji anayependa maneno ya madaha huenda asione uzuri katika sentensi za namna hiyo. Mimi naona uzuri mkubwa. Kwa miaka mingi jina lililofichwa lilikuwa la mtenda, na aibu iliyobaki ilikuwa ya mtendwa. Yeye alivibadilisha vitu viwili hivyo mahali pake kwa kalamu moja.

Aliyekwenda mbali zaidi hakuwa mwandishi. Mwaka 2009 Wakenya watano, wanaume watatu na wanawake wawili, waliishtaki serikali ya Uingereza katika Mahakama Kuu ya London kwa mateso ya Hali ya Hatari. Mmoja wa wanawake hao alifariki kabla ya kesi kuamuliwa. Aliyebaki alikuwa Jane Muthoni Mara. Mwaka 1954 alikuwa msichana wa miaka 15. Alishtakiwa kwamba amewapa wapiganaji chakula, akapelekwa katika kambi ya mahojiano ya Gatithi, iliyokuwa katika wilaya ya Embu. Huko waliomhoji walimtesa kwa kumwingiza mwilini chupa yenye maji ya moto. Nimeandika sentensi hiyo mara moja, nami sitairudia; lakini singeweza kuiacha, kwa sababu yeye mwenyewe aliisema, akiwa mama wa zaidi ya miaka 70, mbele ya mahakama ya nchi ya kigeni, kwa jina lake mwenyewe.

Tuitazame shahada hiyo kama tunavyotazama maandishi mengine. Haina tamathali za usemi. Haina shujaa anayetoa hotuba. Ina umri, mwaka, mahali, chombo kilichotumika, na sababu iliyotolewa. Mwanamke mwenye chakula, ambaye tamthilia ilimwacha bila jina na sanamu ilimgeuza uso, hapa amegeuka kutuangalia, naye ana jina. Mambo haya machache yalifanya kazi ambayo vitabu vyetu havikuweza kuifanya kwa miaka 50. Mwaka 2012 wakili wa serikali ya Uingereza alikubali mahakamani kwamba wadai hao waliteswa, na tarehe 5 Oktoba mwaka huo Jaji McCombe aliamua kwamba kesi yaweza kuendelea ijapokuwa muda mrefu umepita. Tarehe 6 Juni 2013 William Hague, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, alieleza bungeni masikitiko ya serikali yake, akatangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Hata sanamu ile ya Nairobi ni tunda la kesi hiyo.

Lakini kunyamaza kuna bei. Kesi nyingine ya Wakenya zaidi ya 40,000 ilipelekwa katika mahakama hiyo hiyo, nayo ikatupwa mwaka 2018 kwa sababu muda uliopita ulikuwa mrefu mno kwa kesi ya haki. Mashahidi walikuwa wamekufa. Siwezi kusoma habari hiyo bila kumfikiri nyanya yangu akiangalia mikono yake.

Je, basi, kila mwanamke alazimishwe kusema hadharani? La, hasha. Hiyo ingekuwa nguvu juu ya nguvu. Njia ya haki ilionyeshwa karibu na kwetu, katika mji wa Arusha, ambako Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ilimhukumu Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, tarehe 2 Septemba 1998. Mashtaka ya kwanza dhidi yake hayakutaja ubakaji kabisa. Ni wakati kesi ilipokuwa ikiendelea ndipo wanawake mashahidi walipoyaeleza yaliyotendeka, na Navanethem Pillay, aliyekuwa mwanamke pekee kati ya majaji watatu, akawauliza zaidi. Mwaka 1997 mashtaka yakaongezwa, na mwishowe mahakama ikaamua, kwa mara ya kwanza duniani, kwamba ubakaji waweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Mashahidi wale walijulikana kwa herufi tu, majina yao yalifichwa. Hapo twaona sitara iliyowekwa mahali pake. Jina la mwanamke lilisitiriwa, tendo halikusitiriwa, na mtenda alisimama wazi mbele ya watu. Vitabu vyetu vingi vimefanya kinyume: vimelisitiri tendo, na mwanamke vimemwacha bila jina na bila habari.

Nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi kwamba uovu huu ulikuwa wa wageni peke yao. Homgadi walikuwa ndugu zetu, na wengi waliohoji wanawake walihoji kwa lugha ya mama zao. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953, huko Lari, wapiganaji wa Mau Mau waliwaua wanawake na watoto kwa sababu walikuwa jamaa za watu waliounga mkono serikali. Wala uovu huu haukuisha bendera ilipobadilishwa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 wanawake wa Kenya walibakwa tena katika ghasia, na ilichukua miaka hata Desemba 2020 kabla Mahakama Kuu ya Kenya haijaamuru wanne kati ya wanane waliolalamika walipwe shilingi milioni 4 kila mmoja. Waliopata haki ni wale waliosema wakaandikwa. Anayetaka kuihifadhi heshima ya upande wake kwa kuwanyamazisha wanawake wa upande wa pili, huyo naye anafuma sitara ya mtenda.

Basi, wewe kijana usomaye insha hii, nakuomba mambo mawili. La kwanza ni katika kusoma. Ukikutana na mwanamke wa vita ndani ya kitabu, usimwache apite na kikapu chake. Uliza jina lake. Uliza alikwenda wapi baada ya ukurasa ule, na kama mateso yake yameandikwa kwa ajili yake au kwa ajili ya sifa ya mwanamume aliye karibu naye. Kitabu kizuri hakiogopi maswali haya, na riwaya na tamthilia nilizozitaja ni nzuri kiasi cha kuyastahimili.

La pili ni katika kuandika. Huenda yuko nyumbani kwenu mzee aliyekuwa mtoto katika vijiji vile. Keti karibu naye. Akisema, andika kama alivyosema, kwa kauli ya kutenda. Akinyamaza, mheshimu, usimlazimishe. Lakini mjulishe kwamba uko tayari kusikia, na kwamba hutamwona kuwa najisi. Hilo sikumwambia nyanya yangu. Nilikuwa na miaka mingi ya kulisema, nami nikadhani kwamba kunyamaza ndiyo heshima.

Msichana yule wa Embu sasa ni mwalimu, na nina hakika kwamba siku moja mwanafunzi wake atanyosha mkono na kumwuliza swali lile lile. Natumaini yeye atakuwa na jibu bora kuliko nililompa.